Mawimbi ya Ubongo na Umakini wa Mtoto: Mashine Inaona Nini?



Walimu wana msemo wao kuhusu mwanafunzi wa aina fulani: "Yupo darasani, lakini hayupo." Mwili umekaa kwenye dawati, macho yanatazama ubao, ila akiulizwa swali anashtuka kama mtu aliyeamshwa. Wapo wanaomwita mzito, wapo wanaomwita mvivu, na wapo wanaonong'ona kwamba ana mambo ya kwao. Siku hizi limeongezeka jibu jingine: apelekwe akapimwe ubongo. Ipo mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo, yapo majaribio ya kompyuta ya kupima umakini, na matangazo yake mtandaoni huahidi mengi. Wazazi wenye uwezo wameanza kuulizia, na si ajabu wakamwuliza paroko au mlezi wa seminari ndogo kabla hawajamwuliza daktari.

Katika somo la falsafa ya mtu tumejadili kwa kirefu uhusiano wa akili na mwili. Naona suala la vipimo hivi ni mahali pazuri pa kuyajaribu tuliyojifunza, kwa sababu hapa kosa la kifalsafa halibaki kwenye karatasi ya mtihani, linamwangukia mtoto. Hoja yangu ni kwamba mashine ile ile inaweza kutoa jibu zito kwa swali moja na jibu jepesi kwa swali jingine. Asiyejua ameuliza swali gani hataweza kuyatofautisha majibu hayo.

Ilivyoanza

Kipimo cha mawimbi ya ubongo hujulikana hospitalini kwa herufi tatu, EEG. Mwanzilishi wake kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Alipokuwa kijana jeshini alianguka kutoka juu ya farasi na kunusurika kupondwa na gurudumu la mzinga. Siku hiyo hiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu juu yake, na baba yao akapeleka telegramu kuulizia hali yake. Berger aliamini kwamba hofu yake yeye ndiyo iliyosafiri hadi kwa dada. Akasomea utabibu, na kwa miaka mingi akatafuta nguvu ya kimaumbile iliyo nyuma ya mawazo ya mtu.

Mwaka 1924 alifaulu kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, na baada ya miaka mitano ya mashaka na marudio akachapisha matokeo, mwaka 1929. Mawazo yanayosafiri hakuyapata. Alichokipata ni mitikisiko midogo sana ya umeme. Mtu akifumba macho na kutulia, sehemu ya nyuma ya kichwa hutoa wimbi linalopanda na kushuka mara 8 hadi 13 kwa sekunde, ambalo Berger aliliita alfa. Mtu huyo akifumbua macho, au akipewa hesabu ya kichwani, wimbi hilo hufifia. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza alama kwenye karatasi ilipohusishwa na umakini wa mtu.

Kuna jambo jingine katika maisha ya Berger ambalo vitabu vingi hulipita kimya. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ulitunga sheria ya kuwafunga kizazi kwa lazima watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya kurithi, na kifafa kilikuwa katika orodha. Berger alishiriki katika mahakama zilizosikiliza kesi hizo. Sisemi hivyo ili tukikatae kipimo chake. Ukweli hauharibiki kwa sababu ya aliyeugundua. Nasema kwa sababu hatua kutoka "ubongo huu una kasoro" hadi "mtu huyu ana thamani pungufu" imewahi kupigwa na watu wasomi, tena wakiwa wamevaa makoti meupe.

Kinachopimwa hasa

Mtu anayepimwa hubandikwa vipande vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi juu ya ngozi ya kichwa, kwa kawaida kama 20 hivi, vikishikwa na jeli au gundi laini. Haviumi. Wala hakuna umeme unaopitishwa kichwani, jambo ambalo wazazi wengi huliogopa. Mashine husikiliza tu. Na inachosikiliza ni kidogo mno: umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa mara nyingi ni kama sehemu 50 za volti moja iliyogawanywa mara milioni. Betri moja ya tochi ina nguvu mara 30,000 zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtoto akikonyeza jicho au akikaza taya, karatasi nzima huchafuka. Misuli na macho hupiga kelele kuliko ubongo.

Tena, hakuna elektrodi ya juu ya ngozi inayosikia seli moja ya ubongo. Inasikia maelfu kwa maelfu ya seli zinapokwenda pamoja. Ni kama mtu aliyesimama nje ya kanisa siku ya Dominika. Atajua wimbo umeanza, atajua watu wamenyamaza, na pakitokea mtafaruku ndani atausikia mara moja. Lakini nani ndani anasali nini, ukutani hakusikiki.

Mawimbi hupangwa kwa kasi yake. Delta iko chini ya mara 4 kwa sekunde na hutawala usingizi mzito. Theta huenda mara 4 hadi 8, nayo huongezeka mtu anaposinzia, ingawa kwa watoto wadogo ipo nyingi hata wakiwa macho. Alfa tumekwisha kuitaja. Beta huanzia 13 na kwenda hadi 30 hivi, na huonekana mtu akiwa macho na ameshughulika. Majina ni ya Kigiriki, na nadhani Kigiriki hicho kimesaidia sana biashara: ukimwambia mzazi kwamba mtoto wake "ana theta nyingi", atanyamaza na kutoa pochi.

Pale mashine inapookoa

Nianze na swali ambalo mashine hulijibu vizuri. Ipo aina ya kifafa isiyomwangusha mtu. Jina lake la kitabibu lina maana ya "kutokuwepo". Humpata mtoto mwenye umri wa kati ya miaka 4 na 10 hivi. Anaandika, anazungumza au anakula, na ghafla anasimama. Macho yanakodoa, pengine kope zinapepesa kidogo, kwa sekunde 5 au 10, wakati mwingine zaidi. Kisha anaendelea pale pale alipoachia, wala hajui kwamba kuna kitu kimepita. Kwa mtoto asiyetibiwa hali hii inaweza kujirudia mara kadhaa, hata makumi ya mara, kwa siku moja.

Fikiri juu ya mtoto huyo katika darasa la watoto 80. Mwalimu anatamka imla. Mtoto anakosa maneno matatu. Anafundisha kugawanya, mtoto anapata mwanzo na mwisho, katikati hakuna. Haanguki, hatoki povu, kwa hiyo hakuna anayefikiria kifafa. Anachapwa kwa sababu ya kuota mchana. Anajifunza kwamba yeye ni mjinga, na kwa kuwa hajui kinachompata, hana hata neno la kujitetea.

Mwaka 1935 watafiti wa Boston, Marekani, akina Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox, walionyesha kwamba wakati wa tukio kama hilo karatasi ya EEG hubadilika kwa namna isiyofanana na kitu kingine: mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mara 3 kwa kila sekunde, kichwa kizima, kisha hali inarudi kama kawaida. Hospitalini mtoto huombwa apumue kwa nguvu kwa dakika 3 hivi, na kwa walio wengi mno wenye ugonjwa huu tukio hutokea hapo hapo mbele ya daktari.

Jibu hilo lina uzito kwa sababu linabadilisha tiba. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya bei nafuu inayopatikana katika vituo vingi vya afya, haisaidii aina hii. Kabamazepini inaweza hata kuizidisha. Zipo dawa nyingine zinazoifaa vizuri, na watoto wengi huachana na ugonjwa huu wanapokua. Kwa hiyo asiyejua ni kifafa cha aina gani anaweza kumpa mtoto dawa miaka miwili bila faida, halafu jamaa wakasema: mnaona, hospitali imeshindwa, hiki si kitu cha hospitali. Tunajua wanakokwenda baada ya hapo.

Hata hapa pana mpaka. Karatasi safi haimaanishi kwamba hakuna kifafa. Kuna aina nyingine ambazo hazijitokezi kwa dakika 30 za kupimwa, na daktari hutegemea zaidi maelezo ya aliyeliona tukio.

Pale inaposema zaidi ya inachojua

Sasa swali la pili. Mtoto hana kifafa. Ila hatulii, anasahau daftari, anaanza kazi tatu asimalize hata moja, nyumbani na shuleni pia. Kwa lugha ya kitabibu huenda ana ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana, kwa wengi, na kutotulia. Hali hii ni ya kweli, na mimi si miongoni mwa wanaosema ni visingizio vya Wazungu. Je, mashine inaweza kuithibitisha?

Wazo lililovuma ni hili: watoto wenye ADHD, wakichukuliwa kama kundi, walionekana kuwa na theta nyingi ikilinganishwa na beta. Basi gawanya theta kwa beta, upate namba. Mwezi Julai 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho NEBA kinachopima uwiano huo kwa watoto wa miaka 6 hadi 17. Matangazo mengi hukomea hapo. Ruhusa yenyewe ilisema kifaa kitumike kusaidia uchunguzi kamili wa daktari, si kuchukua nafasi yake.

Mwaka huo huo wa 2013 Martijn Arns na wenzake, Keith Conners na Helena Kraemer, walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka iliyotangulia, nao wakahitimisha kwamba uwiano huo hauaminiki kama kipimo cha kutambua ADHD. Waliona pia kwamba katika tafiti za karibuni hata watoto wasio na tatizo walikuwa na uwiano mkubwa kuliko wa zamani, hivyo tofauti kati ya makundi ikawa imepungua. Wakadhani huenda watoto wa siku hizi wanalala kidogo. Tazama jambo hilo: mtoto aliyechelewa kulala anaweza kutoa theta ya usingizi, na karatasi ikamwita mgonjwa wa umakini. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kikawashauri madaktari wasitumie kipimo hicho badala ya uchunguzi wa kawaida.

Hali ya majaribio ya kompyuta haiko mbali na hapo. Jaribio la asili lilitungwa mwaka 1956 na Haldor Rosvold na wenzake, kwa ajili ya kutafuta madhara ya ubongo: herufi zinapita moja moja, nawe ubonyeze unapoiona X. Linalotumika sana leo huitwa TOVA. Halitumii herufi. Mraba unatokea kwenye skrini, na ndani yake kuna kimraba kidogo juu au chini. Kikiwa juu, bonyeza. Kikiwa chini, acha. Kila baada ya sekunde 2 kinatokea kingine, kwa zaidi ya dakika 20. Nusu ya kwanza ishara ya kubonyeza hutokea kwa nadra, kwa hiyo hapo hupimwa nani anachoka kungoja. Nusu ya pili hutokea mara nyingi, na hapo hupimwa nani hawezi kujizuia. Kompyuta huhesabu ulizokosa, ulizobonyeza bure, kasi yako, na kasi hiyo ilivyoyumba.

Ni jaribio la akili, kusema kweli, na limetungwa liwe la kuchosha makusudi. Lakini anayeshindwa si lazima awe na ADHD. Huenda ana njaa, malaria, msiba, uziwi kidogo uliomfanya asielewe maelekezo, au hajawahi kushika kompyuta. Na mwenye ADHD anaweza kufaulu, kwa kuwa kitu kipya kilichoko mezani kimemvuta. Zaidi ya hayo, namba ya mtoto hulinganishwa na namba za watoto wenzake, na wenzake hao walipimwa Marekani. Mtoto wa Sumbawanga akipewa alama kwa kipimo hicho, tumempima yeye au tumepima umbali?

Wimbi halielekei kitu

Kwa nini mashine hiyo hiyo ifaulu kule na kukwama huku? Mtu anaweza kujibu kwamba sayansi bado changa, tungoje. Kwa sehemu ni kweli. Ila naona kuna sababu iliyo ndani ya jambo lenyewe.

Mwanafalsafa Franz Brentano, katika kitabu alichokitoa mwaka 1874, alisisitiza jambo ambalo waalimu wa zama za kati walilijua: tendo la akili daima linaelekea kitu. Kuona ni kuona kitu, kutamani ni kutamani kitu. Hali kadhalika kuzingatia. Hakuna umakini mtupu usio umakini wa jambo fulani. Sasa tazama wimbi la beta. Lina kasi, lina kimo, lina mahali kichwani. Halina "kuhusu". Wimbi la mtu anayezingatia fumbo la hesabu na la mtu anayezingatia namna ya kuiba mtihani yanaweza kufanana kabisa.

Na mtoto tunayesema hazingatii, mara nyingi anazingatia sana, ila si tunachotaka. Nje ya dirisha lori la mchanga limekwama. Anajua tairi lipi linazama, nani anasukuma, dereva amekasirika kiasi gani. Swali la kweli hapo ni kwa nini lori limeshinda ubao, na jibu lake liko katika mapenzi, mazoea, mvuto wa somo, na pengine pia udhaifu wa kweli wa ubongo katika kujirudisha. Simone Weil, Mfaransa aliyeandika mwaka 1942 juu ya masomo ya shule na sala, alionya kwamba wanafunzi wakiambiwa wazingatie hukunja uso na kukaza misuli, na baada ya dakika mbili hawawezi kusema walikuwa wanazingatia nini. Misuli ingesomeka vizuri sana kwenye EEG.

Kifafa kile ni jambo la namna nyingine. Hapo hatuulizi mtoto anaelekea wapi. Tunauliza kama kiungo chenyewe kimekatika kwa sekunde 10. Hilo ni swali la kiungo, na kiungo kina alama zake. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 84, anafundisha kwamba akili ya mwanadamu katika maisha haya haielewi chochote bila kugeukia taswira, na taswira zinahitaji kiungo cha mwili. Ndiyo maana, anasema, kiungo hicho kikidhurika mtu huzuiwa kuelewa hata yale aliyokuwa ameyajua. Alisema hivyo miaka zaidi ya 600 kabla ya Berger. Hakushangazwa na ubongo, na sisi hatuna sababu ya kushangazwa nao.

Hapa napenda kuwajibu wenzangu wa aina mbili. Wa kwanza husema: umakini ni wa roho, mashine ziache, mtoto aombewe. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho yenye akili ni umbo la mwili kweli na kwa nafsi yake. Roho haikai ndani ya ubongo kama mpangaji ambaye hadhuriki paa likivuja. Kwa hiyo kumpeleka mtoto hospitali ni kuiamini imani yetu, na sala iendelee njiani. Wa pili husema: namba imetoka, basi tumemjua mtoto. Hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa wana mashine na sisi tunaona haya kuwabishia. Namba ya uwiano imetuambia jambo kuhusu dakika 20 za mtoto aliyevishwa kofia ya nyaya katika chumba asichokijua. Shuleni ana miaka saba.

Mzazi akija kuuliza

Paroko, katekista au mlezi hahitaji kuwa daktari ili asaidie kutenganisha maswali haya mawili. Anaweza kuuliza: akiwa amezubaa, ukimwita kwa jina au ukimgusa bega, anarudi? Mtoto anayeota mchana hurudi, pengine kwa aibu. Wa kifafa kile harudi mpaka sekunde zake ziishe. Je, hukatika katikati ya neno, au hata katikati ya mchezo anaoupenda? Anayechoshwa na somo hachoshwi na mpira. Majibu yakielekea huko, mtoto aende hospitali yenye kipimo cha EEG, na mzazi aulize bila woga ni kifafa cha aina gani kabla ya kukubali dawa.

Majibu yakielekea kwingine, pesa ya kupimwa theta na beta ni afadhali ikae. Kwanza macho na masikio yapimwe, usingizi uangaliwe, na mwalimu wa mwaka uliopita aulizwe kama hali ilikuwa hivyo hivyo. Kisha aonwe daktari wa watoto au wa afya ya akili atakayezungumza na mzazi na mwalimu kwa muda wa kutosha.

Na pale ambapo hospitali ya kipimo iko mbali, mzazi achukue simu yake arekodi video mtoto anapozubaa, hata ya sekunde 20, aso na mikono vionekane. Daktari akiitazama atajua mengi kabla elektrodi ya kwanza haijabandikwa.